Wakuu, fundi kalaza nondo za balkoni chini, anasema "nondo ni nondo tu". Nimwage Jumamosi au nisimwage?

MwanaGoba

Habari za usiku wakuu. Nina kaghorofa kangu kamoja huku Goba, kuta za chini zimeisha, sasa tupo kwenye slabu ya juu, mbao zimeshapigwa, mirunda (miti ya kushikilia mbao kwa chini) imesimama na nondo zimeshafungwa. Kumwaga zege ni Jumamosi, mixa na vibarua nimeshalipia advansi. Sasa leo jioni kapita shemeji yangu, yeye anafanya kazi kwenye saiti kubwa kubwa za mjini, kaangalia balkoni kanyamaza weee, halafu akaniambia shemeji hizi nondo zipo chini, waambie wazipandishe. Nikamfuata fundi, fundi kacheka sana, anasema nondo ni nondo tu mzee, zikishazama kwenye zege kazi ni ile ile, huyo shemeji yako anataka kukuongezea gharama.

Balkoni inatokeza mita 1.5 nje ya ukuta, mbele haina nguzo (wife hataki nguzo, anasema inaziba muonekano). Slabu ni unene wa sm 15, nondo za mm 12 kila baada ya sm 15, zimelala kule chini karibu na mbao kama zile za sebuleni. Juu hakuna kitu. Na mpango wa baadaye ni kuiziba hiyo balkoni kwa tofali niifanye stoo, au nisipoiziba basi niweke tenki la lita 2000 pale. Wajuzi naombeni msaada, ila muongee Kiswahili cha saiti sio cha chuo.

Kokoto_Nusu

Usimwage mkuu. Nipo kwenye daladala, nikifika home naandika vizuri. Ila usimwage.

saidia_fundi

Hawa wa laptop bwana. Mie nipo kwenye hizi kazi tangu sina ndevu, nimemwaga balkoni za nondo chini Mbagala, Chanika, Kibaha huko na mpaka leo watu wanaanika nguo. Nondo imefungwa, saruji inatosha, unataka nini tena? Mwageni zege watu wahamie.

mtoto wa Unguja

Kaka @saidia_fundi hizo za Chanika umerudi kuzichungulia kwa juu chini ya vigae au unaziona kutoka barabarani? 😂

Kokoto_Nusu

Haya nimefika. Itakuwa ndefu, wasiopenda kusoma wapite.

Anza na zege lenyewe. Zege ni gumu sana ukilibana, lakini ukilivuta ni dhaifu, nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya kubanwa. Zege la kawaida la ghorofa, lile tunaloita C25, mchemraba wake wa sm 15 kila upande ukipelekwa maabara baada ya siku 28 unatakiwa ubebe tani kama 57 kabla haujapasuka. Tani 57 kwenye kitu unachobeba kwa mkono! Zege hilo hilo ukilivuta linaachia kwenye kilo kama 25 kwa kila sentimita mraba. Sasa nondo kazi yake kubwa ni kushika pale ambapo zege linavutwa. Haipo pale kama urembo wala kama kiungo cha pilau kwamba ukishatupia tu sufuriani ladha inaenea. Ikikaa upande unaobanwa inakaa bure, unaovutwa umeuacha mtupu.

Upande gani unavutwa? Vua kandambili. Chukua peni, pembeni kwenye unene wake chora vimistari vya wima vingi vingi. Ikalishe juu ya vikombe viwili, kisigino kombe hili na vidole kombe lile, bonyeza katikati. Utaona vimistari kwa chini vinaachana, kwa juu vinasogeleana. Hiyo ndo slabu yako ya sebuleni, imekalia ukuta huku na huku, ikipinda tumbo linavutwa, kwa hiyo nondo chini, fundi wako yupo sahihi hapo. Sasa toa vikombe, bana kisigino juu ya meza, mbele iache inaning'inia nje, bonyeza vidoleni. Vimistari vinaachana JUU, na vinaachana zaidi pale pale kwenye ukingo wa meza. Hiyo ndo balkoni. Mvuto uko juu na mkubwa wake uko juu ya ukuta, na hapo ndipo umesema hakuna kitu.

saidia_fundi

Sasa mbona zangu hazijaanguka? Jibu hilo kwanza acha mambo ya kandambili.

Kokoto_Nusu

Swali zuri tena ndo lenye utamu, subiri tupige hesabu ya mkanda mmoja wa balkoni wenye upana wa mita 1.

Zege lenye nondo ni kilo kama 2,500 kwa mita ya ujazo, slabu ya sm 15 inakuwa kilo 375 kila mita mraba. Inatokeza mita 1.5, kwa hiyo mkanda wetu una kilo kama 560 na uzito huo umekaa wastani wa sm 75 kutoka ukutani. Zidisha, unapata kama 420, ziite kilo-mita, hiyo ndo nguvu inayotaka kuuvunja kwa kuupinda pale ukutani. Upande wa pili, zege tupu la sm 15 bila nondo yoyote ya maana, kwa hizo kilo 25 za sentimita mraba, linaweza kushika kama 940 kabla halijachanika. Umeona mchezo? 420 kwa 940. Siku ya kutoa mirunda haianguki! Fundi anasimama pale mwisho anaruka ruka anakwambia bosi si unaona. Anachokiona ni zege linajishikilia lenyewe kwa ule mvuto wake mdogo.

Halafu maisha yanaanza. Plasta ya sakafu na vigae, weka kilo 120 kwa mita mraba, hizo zinaleta kama 135. Kizuizi cha mbele cha tofali za inchi 6 urefu mita 1 na plasta pande mbili, hicho ni kama kilo 360 kila mita na kimekaa kule mwisho kabisa ambako ndo kubaya, peke yake kinaleta kama 500. Tayari tumevuka 1,000 na hajakanyaga mtu. Na zege likikauka linasinyaa, jua la saa nane linalipanua, usiku linajikunja, ufa mwembamba unatokea juu pale ukutani, vigae vimeufunika huuoni. Zege tupu likishapata ufa halina pa kujishikilia tena, ile 940 haishuki taratibu, inakata. Nyingine zinabaki kwa sababu balkoni ni fupi, mita 0.8 mita 0.9, au kizuizi ni cha bomba za chuma chepesi, au kuta za pembeni zinaibeba bila mtu kupanga. Zote hizo ni bahati za mchoro, sio kwamba nondo ile chini inafanya kazi. Siku ya sherehe watu kumi na tano wamesogea mbele kuangalia ngoma barabarani, ndo hesabu inapofungwa.

Balkoni yenye nondo mahali pake inatoa taarifa. Inalegea, inashuka mbele, nyufa zinaonekana, chuma kinavutika kabla hakijakatika na watu wanapata muda wa kukimbia.

Bostoni Boy

Kuthibitisha ya mkuu hapo juu. Huku Marekani, California, mji wa Berkeley, 16/6/2015 balkoni ya ghorofa ya nne iliachia usiku vijana wapo kwenye sherehe ya birthday, wakafa 6, wengi wao wanafunzi kutoka Ireland. Ile ilikuwa ya mbao, maji yaliingia mbao zikaoza pale pale zinapotokea ukutani. Mahali ni pale pale tu, shina la balkoni.

Wanjiru wa Kasarani

Huku Nairobi tumezika wengi. Ile ya Huruma 29/4/2016, usiku wa mvua, nyumba imejengwa kando ya mto, zaidi ya watu 50 walifariki. Sasa hivi ukipita estate zetu utaona gorofa imeandikwa alama ya X kwa rangi nyekundu na watu bado wanalipa rent ndani. Lakini swali langu ni kuhusu vyuma vyenyewe, huku kuna mafundi wanaweka vyuma juu vizuri kabisa, injinia akienda wanavikanyaga na wheelbarrow wakimwaga simiti, vinashuka. Hiyo inakuwa aje?

Kokoto_Nusu

Dada Wanjiru umegusa penyewe, huo ndo ugonjwa mkubwa kuliko wa fundi asiyejua.

Nguvu ya nondo inategemea umbali kati yake na upande unaobanwa. Kwenye slabu ya sm 15, nondo ya mm 12 ikiwa juu na kifuniko cha zege cha mm 25, kutoka katikati yake mpaka tumbo la slabu ni mm 119. Kwa nafasi za mkuu hapa, kila sm 15, mkanda wa mita 1 unaweza kufika tani-mita 3 na kitu (tani-mita 1 ni zile kilo-mita 1,000) ndo ushindwe. Vibarua wakipita na matoroli nondo ikashuka mpaka katikati ya slabu, umbali umebaki mm 75, na uwezo unashuka kwenye tani-mita 2 hivi. Nondo ni zile zile, pesa ni ile ile, risiti ipo, umepoteza zaidi ya theluthi kwa kukanyaga tu. Kwenye bimu nene ya sm 50 kushuka sentimita 4 ni hasara ndogo, kwenye slabu nyembamba ni msiba.

Dawa yake ni rahisi. Zile biskuti za zege zinainua nondo za chini tu, za juu zinahitaji viti, vipande vya nondo vilivyokunjwa vikasimama kwa miguu, unavipanga kila baada ya kama mita moja, pale balkoni vizidishe. Halafu lala mbao za kupitia ziwe juu, zisilalie nondo, vibarua wapite hapo. Na siku ya kumwaga mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia nondo za juu peke yake, asishike ndoo.

MwanaGoba

Daah. Mkuu nimesoma mara mbili. Sasa kwa hapa nilipo zilizo chini nizitoe? Na ile stoo na tenki vipi?

Kokoto_Nusu

Zilizo chini ziache au punguza, zinasaidia nyufa ndogo ndogo, hazina dhambi. Ongeza za juu, mm 12 kila sm 15 kama ulivyopanga, na hizi za juu zisiishie ukutani!! Hapa wengi wanapigwa. Nondo inayovutwa lazima iwe na mahali pa kung'ang'ania, iingie ndani ya slabu ya sebule, kawaida yetu ni mara moja na nusu ya kile kinachotokeza, kwako balkoni ni mita 1.5 kwa hiyo ziingie ndani mita 2.25 hivi, mbele uzikunje zishuke. Ukiiweka nusu mita tu ndani itachomoka na zege lake. Na hakikisha injinia wako wa strakcha kaona na kusaini, mimi nakuongelesha kwenye simu sijaona ukuta wako, sijui kwa ndani slabu imekaa wapi na ina uzito gani wa kuishikilia balkoni isinyanyuke.

Stoo sahau. Ukuta wa tofali za inchi 6 kimo cha mita 2.7 na plasta ni kama tani 1 kila mita, ukiuweka kule mwisho unaleta kama 1,400 peke yake. Jumlisha na slabu, vigae na vitu vya stoo unafika 2,300 hivi, ukiweka na akiba ya usalama tunayoongeza kwa kanuni ya kazi unagusa zile tani-mita 3 na kitu, akiba yote umekula na hapo tunadhani hakuna nondo iliyokanyagwa. Hata isipovunjika itainama, milango ya aluminiamu itagoma kufunga.

Tenki la lita 2000 ni tani 2, maji hayana huruma. Upana wake mita 1 na kitu, kwa hiyo limekusanya uzito wote sehemu moja. Lipeleke juu ya makutano ya kuta au kwenye nguzo, uzito ushuke moja kwa moja mpaka msingi.

kibopa wa Tegeta

Si aweke tu bomba mbili za chuma mbele baadaye wife akisharidhia? Rahisi.

Kokoto_Nusu

Mkuu hiyo inaonekana rahisi ila inageuza kazi nzima. Ukishaweka nguzo mbele ile balkoni sio ya kuning'inia tena, imekuwa slabu iliyokalia pande mbili, na katikati yake mvuto unahamia CHINI. Aliyeweka nondo juu tu sasa tumbo lake liko wazi. Ndo maana nimemwambia za chini asizitoe zote. Na bomba jembamba refu haliharibiki kwa kusagika, linapinda katikati kama upinde na kukimbia, ukiongeza kimo mara mbili uwezo wa kuvumilia kupinda huko unabaki robo. Nguzo amua kabla ya kumwaga, sio baada ya harusi.

mtoto wa Unguja

Mie naongeza la huku kwetu. Majumba ya mawe ya Mji Mkongwe na ya Lamu mtu akiingia anashangaa chumba kirefu kama ukumbi lakini chembamba, upana mita mbili na nusu, tatu haifiki. Watu wanadhani ni ustaarabu wa wazee. Ni boriti. Dari lilikuwa boriti za mikoko, juu mawe na chokaa, zito ajabu, na mkoko ulionyooka wa kubeba mzigo ule kwa upana mkubwa zaidi haupatikani, basi chumba kikafuata mti. Ukitaka ukumbi unarefusha tu upande mwengine, kuta ndefu ndizo zinazobeba.

Na Beit al-Ajaib, jengo la 1883, lile la nguzo za chuma na mabaraza mbele, tarehe 25/12/2020 sehemu yake ikaporomoka mafundi wako kazini wanalikarabati, wakafa watu wawili. Jengo lilikuwa limesimama miaka zaidi ya 130, hapo @saidia_fundi ile hoja yako ya mbona haijaanguka naona imepata jirani.

saidia_fundi

Nawasikia. Ila na nyie mkumbuke fundi analipwa kwa siku, mwenye nyumba anataka nondo pungufu, mchoro kachora mtu wa mtandaoni, injinia hatokei saiti, halafu likitokea la kutokea mnamkamata fundi. Mimi nikiambiwa nondo juu nitaweka juu, viti nitakunja, tatizo nani ananilipa nondo za viti?

Bostoni Boy

Hapo @saidia_fundi una hoja. Kuna nyumba maarufu sana huku Pennsylvania, Fallingwater, ya miaka ya 1930, mabaraza yake yananing'inia juu ya maporomoko ya maji, mchoraji ni Frank Lloyd Wright mwenyewe. Kampuni ya wahandisi ya upande wa mwenye nyumba ilipiga hesabu ikaona nondo hazitoshi, ikaongeza karibu mara mbili, Wright alikasirika sana. Na pamoja na hizo za kuongeza, baraza likaendelea kuinama mwaka hadi mwaka mpaka karibu sentimita 18, mwaka 2002 ndo wakaingiza nyaya za chuma wakazikaza ili lisimame. Bila ubishi wa wale jamaa pengine lisingefika hata huko. Jina kubwa halibebi slabu.

Wanjiru wa Kasarani

😂😂 jina kubwa halibebi slabu, hiyo naenda nayo.

kibopa wa Tegeta

Sasa na maji? Maana fundi wangu zege likiwa zito anaongeza ndoo ya maji ili liteleze.

Kokoto_Nusu

Mpige marufuku. Mfuko wa kilo 50 unataka maji lita 25 hivi, ukizidisha, maji ya ziada yanatoka baadaye kama mvuke na kuacha vitundu. Kumbuka ile C25, kwa kuzidisha ndoo unaweza kujikuta chini ya C15 bila kujua, na huo ufa wa kusinyaa niliousema unakuja mapema. Zege zito linataka vibreta (mashine ya kulitikisa lijipange), hata ya kukodi. Na mwagilia siku saba, sio jioni ya kwanza tu.

MwanaGoba

Mrejesho wakuu. Jumamosi sijamwaga, mwenye mixa kanilia nusu ya advansi, sawa. Injinia kaja, kaongeza nondo za juu zimeingia ndani mita 2.4, viti vimekunjwa, kizuizi cha mbele tumehamia bomba za chuma badala ya tofali, tenki limehamia juu ya ngazi ambako kuna kuta nne. Gharama imeongezeka nondo kumi na mbili na siku mbili za fundi, na fundi nimemlipia viti vyake mwenyewe kafurahi. Swali la mwisho, mirunda ya balkoni nitoe lini? Fundi anasema siku 14.

Kokoto_Nusu

14 ni ya haraka kwa balkoni, subiri 28 ukiweza, na usiweke vigae wala kizuizi kabla ya hapo. Na mpangilio wa kutoa: anzia mirunda ya mbele kabisa, ya mwisho wa balkoni, rudi taratibu kuelekea ukutani. Ukianza ya ukutani ukaacha ya mbele, kwa muda huo umeifanya slabu ikalie mbele na nyuma, mzigo unakwenda kusiko. Legeza kidogo kidogo, mtu mmoja awe pembeni na uzi umekazwa kutoka kona hadi kona apime imeshuka kiasi gani. Ikishuka milimita chache endelea. Ikiendelea kushuka baada ya kuacha, rudisha mirunda umpigie injinia, usinipigie mimi.